Warithi, "naam, tukiteswa pamoja naye": kulifungua fundo la Warumi 8:17

Alhamisi moja jumuiya yetu ilikutana kwa mama mmoja mjane. Sebule ndogo, mabenchi mawili ya kuazima, watoto wamejaa mlangoni. Somo lilikuwa Warumi 8, na msomaji alipofika mstari wa 17 akausoma taratibu, kama ulivyo katika Union, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili: "na kama tu watoto, basi, tu warithi, warithi wa Mungu, warithio pamoja na Kristo, naam, tukiteswa pamoja naye ili tutukuzwe pamoja naye." Mwenye nyumba akainua mkono. Mwaka uliotangulia shemeji zake walikuwa wamelichukua shamba aliloliacha marehemu mumewe, wakambakizia nyumba tu na kisima. "Hapa duniani urithi nimenyang'anywa," akasema. "Kumbe na huko nako kuna masharti?"

Mzee mmoja akamjibu kwamba mateso ni nauli, mama, na hakuna afikaye safari bila kulipa nauli. Watu wakaitikia amina. Mimi nilinyamaza, maana usiku ule sikuwa na jibu bora, ila neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kitu ukikilipia umekinunua, hujakirithi. Sasa mtume Paulo, mwandishi wa waraka huu, anasema lipi kati ya hayo mawili?

Tuanze na uwana wenyewe, kwa sababu kwa Paulo ndio unaotangulia. Neno lake la Kiyunani ni huiothesia, ambalo Union imelitafsiri "kufanywa wana". Katika Agano Jipya lote linatokea mara 5, na zote ni katika nyaraka zenye jina lake: 3 kwa Warumi, 1 kwa Wagalatia, 1 kwa Waefeso. Leo kwenye ofisi ya ustawi wa jamii tungesema kuasili mtoto. Lakini ukilisoma kwa picha ya leo, ya kichanga na wazazi waliokosa mtoto, utapotea njia. Kwa Warumi aliyeasiliwa mara nyingi alikuwa mwanamume mtu mzima, na shabaha ilikuwa kupata mrithi: jina la nyumba lisizimike, mali isitawanyike, matambiko ya ukoo yasikome.

Jambo lenyewe lilifanyika hivi. Baba wa Kirumi alikuwa na mamlaka juu ya mwanawe hadi kufa, hata kama mwana huyo alishaota mvi. Ili kuyakata mamlaka hayo, wanasheria walishika kifungu kimoja cha zamani katika Sheria ya Meza 12: baba akimuuza mwanawe mara 3, mwana huyo amekuwa huru. Wakakigeuza kifungu hicho kuwa maigizo rasmi. Waliitwa raia 5 watu wazima kushuhudia, na wa 6 alishika mizani. Baba mzazi "alimuuza" mwanawe kwa rafiki, rafiki akagonga mizani kwa kipande cha shaba, kisha akamwachia kijana aende zake. Kijana akarudi mikononi mwa baba yake. Wakarudia tena vilevile. Mauzo ya tatu yalipofanyika, kamba ya kwanza ilikuwa imekatika. Hapo wakaenda mbele ya hakimu, baba mpya akatamka kwamba kijana huyu ni mwanawe, hakuna aliyepinga, hakimu akathibitisha. Kijana aliyeingia akiwa wa nyumba ile alitoka akiwa wa nyumba hii, kwa jina, kwa ukoo na kwa urithi.

Tazama kijana mwenyewe alichofanya muda wote huo. Alisimama tu. Shaba iligongwa na wengine.

Watu wa Roma hawakuhitaji kuelezwa mambo haya. Waraka kwao uliandikwa takriban mwaka 57 B.K., inaelekea kutoka Korintho, na aliyekalia kiti cha ukaisari wakati huo alikuwa Nero. Nero hakuwa mtoto wa kuzaa wa Klaudio, kaisari aliyemtangulia. Klaudio alimfanya mwana mwaka 50, ilhali alikuwa na mwana wake wa damu, Britannicus. Mwaka 54 Klaudio alipofariki, urithi wa dola ukamwendea yule wa kuasiliwa. Mwaka uliofuata Britannicus akafa mezani, na mwanahistoria Tacitus anaandika wazi kwamba alilishwa sumu. Kwa hiyo mtu wa Roma aliposikia "mmefanywa wana, tena warithi", mfano aliokuwa nao karibu ni wa nyumba ambamo mwana wa kuasiliwa na mwana wa kuzaa hawakutosha pamoja. Paulo anawaambia kinyume chake kabisa. Mwana wa asili wa nyumba hii, Kristo, haoni hasara kupata wadogo. Mistari michache mbele anaitwa "mzaliwa wa kwanza miongoni mwa ndugu wengi". Anayeijua mirathi ya kwetu, ambako kila jina jipya kwenye orodha linapunguza fungu la aliyetangulia, anajua kwamba kaka mkubwa wa namna hiyo si wa kawaida.

Kuna neno jingine la sheria linalosaidia. Mwanasheria Gaius, aliyeandika karne ya 2, anaeleza kwamba watoto walio chini ya baba huhesabiwa, kwa namna fulani, kuwa wenye mali hata baba akiwa bado hai. Mrithi hakuwa mtu anayengoja zawadi mwisho wa safari. Urithi ulikuwa cheo chake ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana mtiririko wa Paulo unakwenda hivi: watoto, basi warithi. Hasemi: mmeteswa, basi mmekuwa watoto.

Sasa turudi kwenye lile neno lililomchoma mama wa watu. Katika Kiswahili shida yote imebebwa na silabi moja, ile "-ki-" ya "tukiteswa". Sote tunaitumia kwa njia mbili bila kufikiri. "Ukila utashiba" ni sharti: usipokula, hakuna shibe. Lakini "nilimkuta akila" haina sharti lolote, inasema tu mambo mawili yalikuwa yanakwenda kwa wakati mmoja. Kwa hiyo sikio la Mswahili linaweza kuusikia mstari wa 17 kama "endapo tutateswa" au kama "huku tunateswa". Watafsiri hawakufanya makosa. Kwa kujua au kwa bahati, walituachia mlango ukiwa wazi.

Kiyunani chenyewe kinasema eiper, "ikiwa kweli". Paulo amelitumia neno hilohilo muda mfupi kabla, mstari wa 9, anapowaambia wasomaji wake kwamba hawaufuati mwili bali roho, "ikiwa Roho wa Mungu anakaa ndani yenu". Pale hawatilii shaka, wala hawawekei mtihani. Anasema kitu karibu na "maadamu". Wapo wafafanuzi wanaoshikilia kwamba katika mstari wa 17 ni sharti kamili, na hoja yao si nyepesi: Paulo hamwachii mtu nafasi ya kurithi pamoja na Kristo huku akimkwepa Kristo mwenyewe. Nakubaliana nao hapo. Ninapoachana nao ni pale sharti linapogeuzwa kuwa kipimo cha maumivu, kana kwamba kuna mizani mbinguni, na aliyelia debe zima atapata zaidi ya aliyelia kikombe.

Kwa maoni yangu uzito wa mstari hauko kwenye "teswa". Uko kwenye "pamoja". Hesabu mwenyewe katika mistari miwili tu, 16 na 17: Roho hushuhudia pamoja na roho zetu, twarithi pamoja, twateswa pamoja, twatukuzwa pamoja. Mara 4, na kila mara Kiyunani kina kile kiambishi chake cha syn- mwanzoni mwa neno. Mstari wa 22 unaongeza 2: viumbe vinaugua pamoja, vina utungu pamoja. Mwana halipi kodi katika nyumba ya baba yake. Lakini paa likivuja usiku wa masika, mpangaji anaweza kuhama kesho yake. Mwana husogeza kitanda akabaki. Kule kulowa hakumfanyi kuwa mwana. Analowa kwa kuwa ni kwao.

Ushahidi mzuri zaidi wa hili uko katika neno moja la Kiaramu ambalo Paulo hakulitafsiri: Aba. "Twalia, Aba, yaani, Baba." Mahubiri mengi yanatuambia maana yake ni kama mtoto mdogo anavyomwita baba yake kwa deko. Mtaalamu wa Agano la Kale James Barr aliandika mwaka 1988 kuonyesha kwamba si hivyo, kwamba watu wazima nao waliwaita baba zao Aba. Lililo muhimu ni mahali neno hilo linapotokea. Katika Agano Jipya lipo mara 3 tu. Mbili ni za Paulo, hapa na Wagalatia 4:6. Nyingine ni Marko 14:36: Gethsemane, usiku, rafiki zake wamelala, na Yesu anaomba kikombe kimwondokee. Injili hazituonyeshi Yesu akisema Aba kwenye arusi ya Kana. Basi Paulo anaposema Roho anatufanya tulie Aba, anatutia kinywani sauti ya bustani ile. Uwana na mateso havikuunganishwa mstari wa 17. Vilishakutana mstari wa 15, ndani ya neno lenyewe.

Waafrika Mashariki tuna kisa kinacholiweka jambo hili karibu sana. Tarehe 3 Juni 1886, Namugongo, Buganda, vijana wa jumba la Kabaka Mwanga walichomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana. Mmoja wao alikuwa Mbaga Tuzinde. Aliyesimamia mauaji ni Mukajanga, mnyongaji mkuu, na Mukajanga alimhesabu Mbaga kuwa mwanawe. Masimulizi mengine yanamtaja kama wa kumzaa, mengine kama wa kumlea. Mukajanga alimbembeleza aseme tu kwamba ameacha kusali, naye angemficha. Mbaga akakataa. Walipomkosa kwa maneno, Mukajanga aliagiza apigwe kwanza shingoni afe, ndipo mwili uwekwe kwenye kuni, asiusikie moto. Ilikuwa huruma ya baba, ile iliyokuwa imebaki. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 waliouawa katika mateso yale ya Buganda, Mbaga akiwamo, kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Ukimsoma Mbaga kwa hesabu ya nauli, utasema alilipa bei kubwa akanunua mbingu. Mimi namwona kijana mwenye baba wawili, aliyeulizwa siku hiyo ni wa nyumba gani. Alijibu, na jibu likamgharimu. Wenzake wengine, kama Kizito aliyekuwa na umri wa miaka kama 14, walikuwa wamebatizwa siku chache tu kabla. Wangepata wapi muda wa kujipatia kitu chochote kwa kulipa?

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwenye jumuiya zetu husemwa nusunusu. Si kila maumivu yanaingia katika "pamoja naye". Petro anaonya mtu asiteswe kwa kuwa mwuaji, mwizi, au kwa kujishughulisha na mambo ya watu wengine, na hilo la mwisho linachekesha mpaka ulitafakari. Upande mwingine, orodha ya Paulo ni pana kuliko kufungwa kwa ajili ya imani: mstari wa 35 unataja dhiki, shida, adha, njaa, uchi, hatari, upanga. Njaa na uchi havichagui dini. Na mstari wa 26 unasema Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Kiswahili kimefanya vizuri hapa: kuugua ni kulalama kwa maumivu, na ni kuumwa. Mgonjwa aliyelala wodini usiku hana haja ya kutafuta mtesi ili awemo.

Kuna wahubiri wanaosema mtoto wa Mfalme hateseki. Hao Paulo anawajibu kwa mgongo wake: viboko 39 mara 5, bakora mara 3, mawe mara 1, kuvunjikiwa jahazi mara 3, kama anavyohesabu katika 2 Wakorintho 11. Sitawakalia sana. Wanaonisumbua zaidi ni wale wa kinyume chao, wanaomwambia mke anayepigwa "vumilia, utarithi uzima". Hushika Waebrania 12, "yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi", wakampa mpigaji nafasi ya Mungu. Wengi wa vijana hawalijui tena neno "kurudi" kwa maana hii ya kumwonya na kumlea mtoto. Kiyunani ni paideia, yaani malezi yote, kusoma kukiwemo. Mwandishi anamzungumzia Baba anayelea, wala hatoi kibali kwa kila mwenye fimbo. Tena hoja yake ni ya mirathi moja kwa moja: asiyeadibiwa ni mwana wa haramu, na katika sheria za wakati ule mtoto wa namna hiyo hakuwa na fungu kwa baba. Baba hujishughulisha kumlea yule atakayeachiwa nyumba. Wa jirani humwacha apite.

Kinachorithiwa ni nini hasa? Katika Agano la Kale urithi ulikuwa udongo, shamba lenye mipaka, isipokuwa kwa Walawi, ambao hawakupewa ardhi na Mungu akamwambia Haruni, "Mimi ni fungu lako na urithi wako." Paulo ana yote mawili. Ibrahimu ameahidiwa kuurithi ulimwengu, asema Warumi 4:13, na bado "warithi wa Mungu" inaweza kusomwa kwamba ni Mungu mwenyewe tunayemrithi. Halafu mstari wa 23 unaleta fundo jipya: tunangojea kufanywa wana, yaani ukombozi wa mwili wetu. Tunangojeaje kitu ambacho mstari wa 15 unasema tumeshapokea?

Jibu liko sokoni. Waefeso 1:14 inamwita Roho "arabuni ya urithi wetu". Kiyunani kimeandika arrabon, na kufanana huko si ajali. Neno ni la Kisemiti. Wayunani walilipata kwa wafanyabiashara wa Mashariki, sisi tukalipata kwa Waarabu, likatufikia kwa njia mbili na maana ileile. Wagiriki wa leo hulitumia kwa uchumba, arravonas. Anayemwachia seremala arabuni ya kitanda anaondoka mikono mitupu, na kitanda bado ni mbao zimeegemezwa ukutani. Lakini mwingine akija na fedha zaidi, fundi mwaminifu atamwambia hizo zina mwenyewe. Uwana wa mstari wa 15 ni huo, mbao zenye mwenyewe. Uwana wa mstari wa 23 ni kitanda kimeletwa nyumbani.

Nilimrudia yule mama na haya yote, kwa ufupi kuliko nilivyoandika. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: kama yeye ni mrithi wa ulimwengu, je, ni dhambi kulidai shamba? Nikamkumbusha mjane wa Luka 18, aliyemsumbua kadhi dhalimu hadi akapewa haki yake, na Yesu akamfanya mfano wa kusali. Nikamtajia pia wale wa Waebrania 10 waliokubali kwa furaha kunyang'anywa mali zao: mstari unaotangulia unawasifu kwa kushirikiana na wenzao waliotendewa hayo. Hawakuachwa kila mmoja na msiba wake.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda naye mahakamani kufungua mirathi, watu 7 wa jumuiya. Tulikaa kwenye benchi la korido tangu saa 2 asubuhi, jalada likatafutwa, likapatikana saa 6, tukaambiwa turudi baada ya wiki 2. Mzee wa nauli alikuwepo. Kwenye daladala, kwenda na kurudi, alitulipia wote.